Nimeuziwa klachi yangu mwenyewe kwa shilingi 1,450,000 za Uganda, na risiti wameniandikia

Wakuu, nimekaa siku nne bila kuandika kwa sababu nilijua nikiandika siku ile ningetukana. Leo nimepoa kidogo. Kidogo tu. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite.

Mimi ni dereva wa watalii, makao yangu Kampala. (Kiswahili changu msikishangae, mimi ni mtoto wa kambi, nimekulia Jinja mzee wangu akiwa jeshini, na jeshini lugha ni Kiswahili.) Gari ni langu, mkopo wa SACCO bado unanikaba: Land Cruiser ndefu ya paa la chuma (hardtop), injini 1HZ, ile ya dizeli ya lita 4.2, silinda sita, gia za mkono. Wanaoijua wanajua. Haina mbwembwe, haina kompyuta, ukiitunza inakuzika.

Mwezi wa tano nilikuwa hifadhi ya Kidepo, Karamoja. Mvua ilikuwa imepiga Karamoja na ule udongo mweusi ukishalowa hauna rafiki. Nikakuta lori la mahindi limezama hadi ekseli, nikajitia wema, nikalivuta. Nakiri hapa mbele yenu kabla hamjaniuliza: nilivuta na gia kubwa badala ya kuingiza ile ndogo ya nguvu, 4L, nikawa nakanyaga na kuachia klachi nusunusu kama dakika kumi. Harufu ikaja, mnaijua, ile kama karatasi na pembe vinaungua pamoja. Kosa langu. Niliporudi Kampala, nikiweka gia ya nne mlimani injini inapiga kelele tu, mwendo hauongezeki. Klachi imekwisha, hilo halina ubishi.

Nikapeleka gereji moja mjini ambayo wenzangu wawili waliisifu. Makanika mkubwa pale ni mtu wa maneno matamu, kila sentensi "ssebo, ssebo" (yaani "bwana" kwa Kiganda). Akanipa hesabu: klachi kamili mpya orijino, maana yake pleti, presha pleti (ile yenye springi inayoibana pleti) na beringi ya kuachia, 1,450,000. Kuchonga flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti inabanwa juu yake, 120,000. Kazi ya kushusha giaboksi na kurudisha 300,000. Jumla 1,870,000. Nikalipa nusu, nikapanda boda kwenda kutafuta wageni, kwa sababu gari likiwa chini mimi sili.

Hapo ndipo nilipoingizwa mjini. Klachi si kama tairi kwamba utaipiga teke uone. Imejificha kati ya injini na giaboksi. Ili uione lazima shafti zote mbili zitoke, giaboksi ndogo na kubwa zishuke, na kwenye Land Cruiser huo ni mzigo wa watu wanne na jeki. Ukishaondoka, ukirudi jioni limefungwa, unaonyeshwa gari linaondoka vizuri, basi. Utabisha nini?

Niliporudi walinionyesha "klachi yangu ya zamani". Presha pleti imechoka vibaya, vidole viwili vya springi vimekatika, ubavuni ina doa la rangi ya njano. "Ssebo, ona ulivyokuwa unatembea na kifo." Nikatikisa kichwa kama mjinga. Nikataka kuibeba, kijana mmoja akasema, "Tuachie hiyo chuma chakavu, mzee, tupate ya chai." Nikaiacha. Nikawapa na elfu ishirini juu.

Wiki ya tatu baada ya hapo nikapata wageni wawili wa hifadhi ya Bwindi, mzee na mkewe, kuona sokwe (gorila) sekta ya Ruhija. Kwa msiojua: kibali cha sokwe kwa mgeni kutoka nje ni dola 800 kwa kichwa, na kina tarehe yake. Asubuhi ile usipofika kwenye maelezo ya askari wa hifadhi, hakuna wa kukuambia njoo kesho. Kati ya Masaka na Lyantonde nilihisi gari linatetemeka kidogo likifika 90. Nikasema ni tairi. Tumepita Kabale, tumeacha lami, tunapanda kuelekea Ruhija, gia ya pili, ukungu umeshuka, na nikasikia injini inapanda peke yake. Gari limesimama. Nikaingiza 4L. Likasogea kama mita mia mbili, harufu ikajaa ndani, mama wa watu akafungua dirisha akaniuliza kwa upole kama kila kitu ni salama.

Nilikodi gari la mtu wa pale kwa 300,000 usiku ule, wageni wakalala Ruhija, wakaona sokwe wao. Mungu mkubwa. Mimi nilivutwa na kamba hadi Kabale nikiwa nimeinamia usukani wa gari ambalo nimetoka kulitengeneza.

Kabale nikaelekezwa kwa mzee mmoja, askari mstaafu, gereji yake ni mabati manne na shimo. Aliposikia Kiswahili changu akacheka, "Wewe wa kambi gani?" Tukashusha giaboksi siku iliyofuata kuanzia saa mbili asubuhi. Safari hii sikupanda boda. Nilikaa pale pale, mvua inagonga mabati, nikimshikia taa.

Kitu cha kwanza alichotoa ni pleti. Lainingi yake, ule uso wa msuguano, ni mpya, lakini kitovu chake cha zamani: springi ndogo za katikati zinacheza ukizitikisa, meno ya kuingilia shafti yamelika. Yaani wamechukua pleti chakavu wakaibandikia lainingi kwa ribiti. Na ribiti zenyewe hawakuzizamisha. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinataka kichwa cha ribiti kiwe kimezama angalau milimita 0.3 chini ya uso wa lainingi. Zangu zilikuwa zinang'aa kama meno ya dhahabu, maana zilishaanza kusugua flaiwili. Flaiwili nayo? Ile ya 120,000 ya kuchongwa? Ina madoa ya bluu ya moto duara zima na nyufa nyembamba kama unywele. Haijaonja mashine hata siku moja.

Beringi waliiosha tu. Beringi ya kuachia imezibwa kiwandani na grisi yake ndani. Ukiiosha kwa dizeli unatoa uchafu unaouona na grisi usiyoiona. Mzee aliizungusha kidoleni, ikasikika kama mtu anasaga mahindi.

Halafu presha pleti. Ilikuwa inapendeza, rangi ya fedha, kama imetoka kwenye boksi. Mzee akaichukua, akainusa (ndiyo, aliinusa), akalowesha kitambaa kwa petroli akafuta ukingoni. Rangi ikatoka yote. Ni spreyi. Chini yake kutu, na ndani ya kutu nukta tatu za senta-panchi (kile chuma chenye ncha cha kupigia alama), zimepangana.

Wakuu, nukta zile nazijua. Mwaka 2022 klachi ilifunguliwa Gulu nikiwa nimesimama pale, na makanika wa kule, kijana msafi wa kazi, alipiga nukta tatu kwenye presha pleti na tatu kwenye flaiwili ili zirudi zilivyokuwa. Nikamwambia mzee aangalie flaiwili. Zipo. Tatu. Tena hazikukutana na zile za presha pleti, wao waliifunga imegeuka theluthi ya duara. Huenda ndio ule mtetemo niliousingizia tairi.

Nilikaa chini kwenye gunia. Presha pleti niliyouziwa kama mpya ni ya kwangu. Waliitoa, wakaipaka rangi, wakairudisha, wakanilipisha. Na ile yenye vidole vilivyokatika haikuwahi kuwa kwenye gari langu.

Nikapiga simu gerejini nikiwa pale pale chini. Jibu: "Ssebo, hiyo ni kuendesha. Unaacha mguu kwenye klachi." Nikamwambia kuhusu nukta. Kimya. Halafu akasema yuko kwenye mkutano. Makanika, yuko chini ya gari, eti mkutano!

Na msinielewe vibaya. Sina ugomvi na kubandika lainingi. Nchi hii ingekwama bila hiyo kazi. Kuna magari Arua na Moroto yanatembea na pleti zilizobandikwa na fundi anayejua kuzamisha ribiti, na presha pleti ambayo springi yake bado ina nguvu, na yanabeba watu kila siku. Angeniambia, "Mzee, presha pleti yako bado ina maisha, tubandike pleti, tuchonge flaiwili, utalipa laki tano," ningemshukuru na kumpigia debe. Lakini springi iliyoungua haifufuki kwa spreyi. Na mlima wa Ruhija hausomi risiti.

Risiti yenyewe nimeitazama tena. Imeandikwa "klachi kamili" na bei. Hakuna namba ya kipuri, hakuna neno mpya, ni ya kitabu cha dukani, si ya EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi. Nimerudi nayo Kampala pamoja na vyuma vyote kwenye gunia, nimekwenda kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa) wa eneo lile. Amesikiliza, ametazama nukta, amesema tutakaa Jumamosi. Makanika amekubali kuja. Tutaona.

NYONGEZA: Wanaoomba jina la gereji kule inbox, sitaliweka hapa wakati shauri liko kwa mwenyekiti, acheni kunisukuma. Aliyeniuliza ningefanya nini tofauti: ningepiga alama yangu kwenye kila kinachotoka, hata kwa msumari, ningekaa hadi giaboksi irudi juu, ningeona boksi na namba yake kabla halijafunguliwa, na ule uchafu wa zamani ningeubeba nyumbani, chai wakanywe kwingine. Mzee wa Kabale amenifungia klachi mpya na kunibadilishia sili ya nyuma ya kranki, ambayo nayo ilikuwa inavuja na gerejini waliniambia ni kavu. Flaiwili imechongwa Mbarara nikiwa naitazama. Inavuta vizuri.

Ninachoomba kwenu ni kimoja. Kama mwaka huu ulipeleka gari Kampala kubadilisha klachi, ukaonyeshwa presha pleti yenye vidole viwili vilivyokatika na doa la njano ubavuni, ukaambiwa "ssebo, hii ndiyo iliyokuwa kwenye gari lako", niandikie kabla ya Jumamosi.