Re: Fishi ya ofisi ya kazi imeniandika "gospel", ninabadilisha vipi?

Mama Aksanti (Ubelgiji)
Jambo ndugu zangu wa Kivu na wa Katanga. Niko na shida na ofisi ya kazi ya huku. Nilipeleka dosie ya mwimbaji, na diploma, na rekodi za Bach na Mozart, carte A yangu (kibali cha kuishi huku) bado inafanya, C4 (karatasi ya kuisha kazi) ya kazi ya zamani iko ndani, kila kitu. Juzi fishi (karatasi yao inayosema mimi ni mwimbaji gani) inarudi imeandikwa "soprano, gospel na muziki wa dunia". Gospel, nyimbo za makanisa ya weusi wa Amerika! Mimi nimekulia mu kwaya ya parokia kule Kadutu, Bukavu, tunaimba Kilatini na Mashi, luga ya kwetu, gospel sijaimba hata siku moja. Nikauliza yule dada wa gishe, anajibu bila haya eti alisikiliza rekodi na sauti "inasikika ya kiafrika, ina joto". Na bila kubadilisha fishi watu wa opera hawaniiti. Nani anajua ni formilere gani, na kama kuna dele, siku ya mwisho ya kuipeleka?

Ya Déo
Pole sana mama. Mimi yangu ni kinyume. Nikitafuta nyumba kwa simu, Kifaransa changu kimenyooka, mwenye nyumba ananiita monsieur, iko libre, njoo saa kumi. Nafika, ananiangalia hapo mlangoni, ufunguo bado uko mkononi mwake, eti samahani imekwisha kuchukuliwa. Sasa sauti yangu ni nyeupe, yako ni nyeusi, wachague moja basi! Halafu mama, angalia tarehe ya carte A kwanza, komine (ofisi ya mji) inachelewesha, usingoje iishe ukaanza kutembea na annexe 15, ile karatasi ya muda, kama mimi.

Mwana Lushi
Ya Déo, usichanganye bintu. Kwa simu banasikia matamshi, sauti ya kuimba ni kingine. Kule San Francisco John Baugh na wenzake walijaribu: mtu ule ule mmoja anapigia wenye nyumba kwa matamshi matatu, ya watu weusi, ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko na ya wazungu, na randevu zikatoka tofauti kufuatana na matamshi. Koo ni lile lile! Walichapisha 1999. Ukitaka kuimba, njo useme Charley Pride, mweusi wa Mississippi, anaimba country. 1966 kampuni ya muziki RCA ilipeleka sahani yake ya kwanza ku maredio bila picha, na wazungu wakapiga bila kujua.

Papa Mkubwa (Montréal)
Na Elvis je? 1954 pale Memphis, mtangazaji Dewey Phillips anamleta redioni, wasikilizaji wengi wanafikiri ni mweusi. Phillips akamwuliza amesoma shule gani, kijana anasema Humes, basi, kila mtu akajua ni mzungu juu shule zilikuwa zimetengwa kwa rangi. Jina la shule ndilo liliwapa rangi, sauti ilishindwa. Nyinyi vijana hamsomi historia.

Mwana Lushi
Mzee na heshima yote, mama anauliza formilere.

Papa Mkubwa
Na wewe ulimpa? Ulimpa Charley Pride.

Mama Aksanti
Aksanti wote lakini msigombane kwangu. Nieleze kitu kimoja. Koromeo haina rangi. Giza ya sauti unaitengeneza: unashusha koromeo kidogo, unafungua nyuma ya mdomo kama unataka kupiga mwayo, ulimi unalala, na sauti inakuwa nzito. Mwalimu mmoja wa huku, kila nikiimba wepesi kama wenzangu, ananisimamisha eti "tafuta sauti yako ya kweli", na ya kweli kwake ni hiyo nzito. Wenzangu wazungu hakuwaambia. Nina Sun Eidsheim, profesa wa California na yeye mwimbaji, ameandika hivi hivi: msikilizaji anasikia rangi ya mtu kwanza, anamfundisha mwanafunzi kuifuata, halafu anasema ni asili. Sasa rekodi zangu zina ile giza, na yule dada anaisikia anasema Afrika. Wamenipaka wenyewe!

Mwana Lushi
Hapo mama umesema. 1958 kwaya ya watoto wa Kamina, kwetu Katanga, ya Padri Guido Haazen, walizunguka Ulaya na misa yao, Missa Luba, wakaimba hata na kwaya ya watoto wa Vienna. Hakuna mtu aliuliza kama wale wa Vienna wana sauti ya kizungu.

Da Furaha (Bukavu)
Mimi niko hapa hapa Bukavu nawasoma. Mama Aksanti, kwaya yenu bado inarudia nyimbo Alhamisi, ila wanamaliza mapema, mtu asitembee usiku. Waasi wa M23 walipoingia mjini Februari 2025, banki zilifunga, na uwanja wa Kavumu ukakosa ndege. Bwana wa solfeji, ule aliyefundisha kusoma noti, amevuka ng'ambo na watoto wake. Mukiimba huko mutukumbuke.

Ya Déo
Yesu wangu. Na wakubwa wa Kinshasa na wale wengine wako mu hoteli wanasaini makaratasi.

Papa Mkubwa
Politiki hapana hapa, tulikubaliana.

Ya Déo
Ni wewe ulianza mwezi jana.

Da Furaha
Muache. Kama kuna mtu anapita Kigali na Rusizi mwezi huu aniandikie pembeni, mama yangu anahitaji dawa za tansio na farmasi ya karibu haina.

Mama Aksanti
Furaha, jirani yangu anasafiri tarehe 14. Niandikie jina la dawa na miligramu, nitanunua kesho.