Mrejesho: Laptop ya dakika sita

Wakuu, nimerudi. Wiki mbili zilizopita niliuliza kama niuze laptop yangu, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) 4GB na HDD (diski ya kuzunguka ya kuhifadhia mafaili) ya 500GB, maana ilikuwa inachukua dakika sita kuwaka. Wengi mlisema nisiuze, niweke SSD kwanza, yaani diski ya chipu isiyozunguka, yenye kasi zaidi.

Nimeweka SSD ya SATA (aina ya kiunganishi), inchi 2.5, 256GB. Imeingia palepale ilipotoka HDD. Fundi alihitaji bisibisi tu, kisha tukapiga Windows upya. Sasa inawaka kwa sekunde 20! Ule mkwaruzo wa diski niliokuwa nausikia usiku nyumba ikitulia, haupo tena. RAM bado inabana nikifungua tabo nyingi, nitaongeza mwezi ujao. HDD nimeitia kwenye kasha la USB, picha za marehemu mama zote zimo salama. Asanteni sana.