Timu za besiboli za makampuni Japan: mchezaji anafanya kazi kweli au geresha?

Mnofu_Ilemela: Wakuu habarini. Kiwandani kwetu huku kwenye minofu ya sangara uongozi unataka kuanzisha timu, sasa kuna jamaa wa mitambo aliwahi kwenda kozi Japan anadai kule makampuni yana timu za besiboli na wachezaji ni waajiriwa kabisa, asubuhi ofisini mchana uwanjani. Nimembishia. Isije ikawa kama zile ajira za timu zetu za mashirika enzi hizo, mtu ameandikwa karani na meza yake hajawahi kuiona.

Baba_Kirumba: Jamaa yuko sahihi mkuu. Timu nyingi ndo hivyo, asubuhi mtu yuko idarani kwake, mchana mazoezi, mashindano yakikaribia ofisini haonekani sana. Ila usichanganye na ligi ya kulipwa, kina Hanshin na SoftBank nao wana majina ya kampuni lakini ile ni biashara kamili. Huyu wa kampuni analipwa kama mfanyakazi, na akistaafu mpira wengi wanabaki palepale kazini kama kawaida, ndo maana mzazi wa kule haogopi mtoto akichagua njia hiyo.

nyakahoja_tu: Sasa kampuni inapata nini? Hamna viingilio vya maana hapo.

Baba_Kirumba: Inapata watu wake kuwa kitu kimoja. Kuna mashindano ya miji, yapo tangu 1927, siku hizi yanachezwa uwanja wa Tokyo Dome, timu 32, na kila timu inabeba jina la mji wake, Toyota wanauchezea mji wa Toyota. Basi siku ya mechi wafanyakazi wanajaa, wahasibu, mafundi, mabosi, tarumbeta na ngoma juu, na hata washangiliaji wanashindanishwa wanapewa tuzo 😂 Halafu kilichonimaliza, timu iliyofuzu inaruhusiwa kuazima wachezaji mpaka 3 kutoka timu za kanda yake zilizotolewa. Yaani kwa soka letu hapa Mwanza, Pamba amtoe Toto halafu straika wa Toto avae jezi ya Pamba akauwakilishe mji wa Mwanza kule Dar, hapo Kirumba si patachimbika!

Dada wa Igoma: Jamani msipambe sana. Timu ya kampuni ni matumizi, hali ikibana inakatwa. Nissan walifunga ya kwao 2009 baada ya ule mtikisiko wa uchumi, imerudi uwanjani 2025 juzi tu hapa. Na zamani zilikuwa zaidi ya 200, sasa hazifiki hata nusu ya hizo.

Mnofu_Ilemela: Na kijana mwenye kipaji anabanwa humohumo?

Baba_Kirumba: Habanwi, ila anasubiri. Aliyetoka sekondari anakaa miaka 3 ndo klabu za kulipwa zimchukue, wa chuo 2. Yule mrushaji mpira maarufu Hideo Nomo alianzia timu ya kiwanda cha chuma pale Sakai, akaenda ligi ya kulipwa, 1995 huyo Marekani na klabu ya Dodgers.

Dada wa Igoma: Mnofu, kabla ya jezi waulizeni HR kitu kimoja, mtu akivunjika mguu mazoezini inahesabika ameumia kazini au la? Na waandike kwenye mkataba, sio mnaambiwa kwa mdomo getini.

Mnofu_Ilemela: Hilo la mguu naenda nalo kikao cha Jumatatu. Jamaa wa mitambo namdai msamaha ila soda hapati.