Naombeni ushauri: antibayotiki ya mama, bei imetushinda

Habari zenu ndugu zangu. Mama ana kisukari, na kidonda cha mguuni kimeanza kutoa usaha. Daktari wa hospitali ya serikali kamwandikia Augmentin vidonge, dozi ya wiki mbili, ila dirisha la dawa wamesema imeisha, tukanunue nje. Nilipotajiwa bei ya boksi moja tu niliishiwa nguvu, na boksi moja halitoshi.

Mfamasia kaniambia zipo za kampuni nyingine zenye mchanganyiko uleule, amoksilini na asidi ya klavulaniki, kwa bei nafuu. Mliozitumia, zilifanya kazi? Au nirudi kwanza kwa daktari abadilishe cheti?

Halafu mama ana miaka 64 na ana kitambulisho cha msamaha wa wazee. Ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini inaweza kusaidia hata kwa dawa ya kununua nje?

Muuzaji mmoja kanishauri nichukue nusu dozi kwanza. Hilo sitaki kabisa. Wadudu wakiwa sugu, kwa mgonjwa wa sukari mguu unaweza kukatwa.

Tupo Morogoro mjini. Anayejua famasi yenye bei ya kueleweka anielekeze, nataka aanze dozi leo.