Ikua Purdy wa Hawaii: nani anamjua vizuri?

Mama_Ndama:
Habarini wanajukwaa. Mwanangu anasomea ufugaji, jana kaniuliza swali likanishinda. Kasoma kuhusu Ikua Purdy, mchunga ng'ombe wa kisiwani Hawaii aliyewashinda Wamarekani wa bara kwao. Hawaii mimi naijua kwa bahari na maua. Ng'ombe walifikaje huko, na huyu bwana alikuwa nani?

Kamba_Mbichi:
Dada, umenigusa. Nimefanya kazi ya ranchi miaka 22, na nikiulizwa mpanda farasi ninayemheshimu kuliko wote, ni huyo.

Ng'ombe walipelekwa na nahodha Mwingereza, George Vancouver, mwaka 1793, zawadi kwa mfalme Kamehameha. Ikapigwa marufuku kuwachinja, wakazaana mpaka wakawa wanyama wa porini, wakali, wanaharibu mashamba. Farasi walifika 1803. Miaka ya 1830 wakaalikwa wachungaji wa Kimeksiko wawafundishe wenyeji kupanda farasi na kurusha kamba. Ndio chanzo cha paniolo, jina wanaloitwa wachunga ng'ombe wa Hawaii hadi leo.

Purdy alizaliwa 1873 upande wa Waimea, kitukuu cha John Palmer Parker, mwanzilishi wa Ranchi ya Parker. Agosti 1908 akaenda Cheyenne, jimbo la Wyoming, Marekani bara, kwenye mashindano ya rodeo, mchezo wa wachunga ng'ombe, pamoja na Archie Kaʻauʻa na Jack Low. Farasi wao walibaki kisiwani, kule wakapanda wa kuazima. Purdy akamkimbiza maksai, akamtia kitanzi, akamwangusha, akashuka, akamfunga miguu: sekunde 56. Akawa wa kwanza. Kaʻauʻa wa tatu, Low wa sita.

Watu husifia zile sekunde. Mimi nasifia farasi wa kuazima. Ukishamnasa maksai unaifunga kamba kwenye kigingi cha tandiko, unaruka chini, na farasi anabaki peke yake kuivuta isilegee. Hakuna wa kumwamrisha. Farasi wangu wa kwanza, Zeituni, alichukua miezi saba kuacha kunifuata kila nikishuka. Siku moja alisogea hatua mbili tu, kamba ikalegea, maksai akainuka, ikanibana kidole gumba. Hakijakunja mpaka leo. Eben Low, aliyewapanga vijana wale kwenda Cheyenne, alipoteza mkono kwa kamba.

Jua_la_Saa_Sita:
Shikamoo mzee. Lakini siku hizi wanafunga kwa sekunde chache zaidi. 56 si nyingi?

Kamba_Mbichi:
Marahaba mwanangu. Pima na wale waliokuwa naye uwanja ule, siku ile, mbele ya maelfu ya watu waliokuja kuwaangalia wenyeji wao wakishinda.

Mama_Ndama:
Asante sana kaka. Baada ya ubingwa alifanya nini?

Kamba_Mbichi:
Hapo ndipo ninapompendea. Hakurudi Cheyenne kutetea ubingwa. Alihamia kisiwa cha Maui, ranchi ya Ulupalakua, akawa msimamizi wa wachungaji, na Maui ndiko alikoishi mpaka alipofariki 1945. Oklahoma, Marekani bara, walimwingiza kwenye jumba la mabingwa wa rodeo mwaka 1999, na Waimea wamemjengea sanamu.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko mashindano. Bandari za kina hazikuwepo, kwa hiyo ng'ombe wa kuuzwa walipakiwa kwa kuogelea. Mchungaji anamvuta maksai kwa kamba, anaingia naye baharini juu ya farasi, mpaka kwenye mashua. Kichwa kinafungwa ubavuni mwa mashua, watu wanapiga makasia hadi melini, kisha mnyama anapitishiwa mkanda tumboni na kuinuliwa juu. Mmoja baada ya mwingine, siku nzima, chumvi machoni.

Mama_Ndama:
Nimemsomea mwanangu yote. Anauliza, farasi hawakuogopa mawimbi?

Kamba_Mbichi:
Mwambie farasi huogopa mpaka amwamini aliye juu yake. Zeituni alisimama nusu saa mbele ya kijito cha maji ya magotini. Nikashuka, nikavua viatu, nikatangulia.