Mapishi ya katikati ya wiki hapa Lubumbashi, maksi zangu mpaka sasa

Kutoka: mwenzenu wa Kampemba

Habari za leo ndugu Wabongo wa Lubumbashi,

Kuna dada aliyefika mwezi uliopita kauliza nazi inapatikana wapi, maana kisamvu bila tui hakiendi nyumbani kwake. Dada yangu, na mimi nilihangaika na hiyo nazi karibu mwaka, nawasumbua madereva wanibebee kutoka Dar, inapita Tunduma, inavuka Zambia yote mpaka Kasumbalesa, ikifika nusu imeharibika na bado una deni la fadhila kwa mtu. Nikaacha. Sasa kila Jumanne na Alhamisi napika kitu kimoja cha hapa hapa ambacho sijawahi kukipika, tunakula, kila mtu anatoa maksi kwenye kumi, hata mdogo wa miaka sita anapiga kura. Na maksi hatutoi kwa utamu peke yake, tunaangalia je nikitoka kazini saa kumi na moja, niwashe mbabula, yaani jiko letu la mkaa, chakula kitakuwa mezani watoto hawajalala?

Nianze na thomson, ile samaki ya friza jamii ya kibua, ipo kila kona. Chumvi, limao, tangawizi, unakaanga, halafu nyanya na kitunguu juu. Dakika arobaini umemaliza. Nane.

Bukari ni ugali wetu ila wengi wanachanganya unga wa mahindi na wa muhogo, unakuwa laini unavutika. Wangu waliukataa wiki mbili, sasa nikisonga wa sembe tupu wananiuliza umekuwaje. Saba.

Sombe ndiyo kisamvu chenyewe, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Tui hamna, wanatia mawese, kitunguu, bilinganya, hoho, wengine karanga ya kusaga. Mara ya kwanza nilikuwa na haraka, nikachemsha nusu saa hivi nikaona majani yamelainika nikamwaga mawese, jirani yangu alipoonja akainuka akairudisha sufuria jikoni bila kusema neno. Majani ya muhogo mabichi yana sumu, ndiyo maana yanatwangwa kwanza halafu yanachemka muda mrefu sufuria ikiwa wazi, siyo kwamba watu wa hapa wana muda wa kupoteza. Alinionyesha namna ya kupima: chota kidogo, bonyeza kwa kijiko ukutani mwa sufuria, ukiona nyuzi nyuzi bado, ikipakika kama uji mzito ndiyo utie mafuta. Sasa nachemsha Jumapili, nagawa kwenye vibakuli, umeme ukikaa vizuri naweka friza, Alhamisi naunga tu. Ukipika hivyo ni tisa. Ukianza saa kumi na moja jioni ni nne, mtalala njaa.

Ila kilichoniingia moyoni ni kikanda. Kwa mbali unaweza kudhani ni nyama, kimekatwa vipande, kahawia, kinavutika, kumbe ni vile viazi vidogo vya maua ya okidi vilivyokaushwa na kusagwa, na karanga. Unachemsha maji na karanga ya kutwanga, chumvi, pilipili ya unga, magadi kidogo, halafu unanyunyiza ule unga huku unakoroga bila kupumzika. Mimi nilimwaga wote kwa pamoja ukashikana mabonge, nikatupa sufuria nzima, na karanga siku hizi siyo bei ya kutupa, iliniuma. Mara ya pili nikanyunyiza taratibu, ukaanza kuvuta mwiko, nikafunika na kuweka makaa juu ya mfuniko, moto juu moto chini kama mkate wa kumimina. Kilipopoa nikakata, kisu kikapita kimya, ndani kuna punje za karanga zinang'aa. Kumi, na mdogo alitoa kumi na moja.

---

Kutoka: wa Katuba

Dada umenikumbusha nyumbani. Mimi ni wa Njombe, viazi hivyo vinachimbwa kwetu, upande wa Makete, sisi wenyewe hatuli, vinauzwa kwenda Zambia. Kwa kweli inanipa mawazo kidogo, kiazi kikichimbwa na ua limekwisha, na pale Kitulo, ile tunaita Bustani ya Mungu, hifadhi imewekwa tangu 2005 kwa ajili ya maua hasa. Nakula kikanda na nakipenda lakini naomba tukifanye cha sikukuu, siyo cha kila Jumanne. Katikati ya wiki pika lengalenga, ni mchicha ule ule, uuunge kwa karanga, nusu saa unakula.

---

Kutoka: shemeji yenu

Jambo yenu ba shemeji. Miye niko muntu wa hapa, bwana yangu njo Mutanzania. Dada wa Kampemba anasema kweli, lakini alisahabu kintu kimoya: ule unga ya kikanda uchunge na kitambaa mbele ya kupika, juu iko na muchanga, utasikia mu meno. Na magadi isipite kijiko kidogo, ikipita inakuwa buchungu.

Ule wa Njombe naye ana haki, kwetu banapikaka kikanda siku ya bageni.

---

Kutoka: mwenzenu wa Kampemba

Asante shemeji, mchanga kweli nilikuwa nausikia nikadhani ni karanga. Na wa Njombe nimekuelewa, kikanda nakiweka mwisho wa mwezi. Alhamisi hii lengalenga, nitaleta maksi. Mvua zikianza nataka na uyoga ila siwezi kununua peke yangu, siujui wa kula na wa kuua, nani atanisindikiza?

---

Kutoka: shemeji yenu

Miye. Siku ya posho, njo Jumamosi yenu, asubui, ku soko ya Kenya, ile mutaa ya hapa Lubumbashi. Kuja na kitunga, usilete mufuko ya plastiki, inabozesha buyoga.