Niliagiza gia za difu 3.42, nikafungiwa 4.10: gari la otomatiki halifungwi gia kwa mazoea

Waungwana, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha, kwa sababu fedha yangu imechukuliwa, mwendo wa gari langu umeharibiwa, na aliyefanya hayo bado ananiambia kwamba amenipa kitu bora kuliko nilichoagiza. Gari ni Chevrolet Camaro Z28 ya mwaka 2000, injini ya LS1 ya lita 5.7 yenye nguvu za farasi 305 kwa hesabu ya kiwanda, na giaboksi ya otomatiki ya gia nne aina ya 4L60E. Lilitoka kiwandani na difu ya 2.73, yaani shafti inazunguka mara 2.73 ili magurudumu ya nyuma yazunguke mara moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa ya kawaida kwa otomatiki; mnunuzi aliyetaka livute zaidi aliongeza pesa akapewa 3.23, na wenye manyuali walipewa 3.42. Anayelifahamu gari hili anajua kwamba 2.73 hulifanya lichelewe kuchanganya kutoka kwenye taa, ilhali nguvu imo. Kwa hiyo kubadilisha gia za difu lilikuwa jambo la maana, na nilijua ninachotaka.

Nilikwenda kwenye gereji moja hapa Houston inayojitangaza kwa kazi za difu. Niliagiza 3.42, nikaandikiwa kwenye karatasi ya kazi, na nikaeleza sababu: gari hili ndilo ninaloendea kazini, na mara kwa mara naendesha barabara kuu ya 45 kwenda Dallas na kurudi, mwendo wa saa kadhaa wa kasi moja. Mpokeaji aliitikia kila neno. Siku ya kuchukua gari niliingia barabara kuu, magari ya pembeni yakienda maili 70 kwa saa, na spidomita yangu ikasoma 105. Injini ilikuwa inalia kwenye mizunguko 2,600 kwa dakika ikiwa tayari gia ya nne, na kutoka nyuma ulisikika mluzi uliopanda kila nilipokanyaga mafuta.

Nilirudi siku hiyo hiyo. Nikaambiwa kwamba gia ni mpya na zitazoea, kwamba spidomita itajirekebisha, na hatimaye, baada ya kubanwa, kwamba wamefunga 4.10 kwa sababu kila mwenye LS1 anafunga 4.10. Hakuna aliyenipigia simu kuniuliza, ingawa namba yangu iliandikwa juu ya karatasi ile ile iliyoandikwa 3.42.

Hilo la «kila mtu anafunga 4.10» ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu ni ushauri unaozagaa kila mahali, na anayeutoa hata haulizi kama gari lina klachi au halina. Ushauri huo ulizaliwa kwenye Camaro za manyuali zenye giaboksi ya T56 ya gia sita. Giaboksi hiyo ina gia ya kwanza ya 2.66 na gia ya sita ya 0.50. Ukiifungia 4.10, gia ya kwanza kwa jumla, yaani 2.66 mara 4.10, inakuwa 10.9, na ukifika barabara kuu gia ya sita inaishusha injini hadi mizunguko kama 1,880 kwa maili 70 kwa saa, kwa tairi la kimo cha inchi 25.7 ambalo ndilo la gari hili. Mwenye manyuali anapata mvuto wa kuondokea na utulivu wa safari kwa pamoja, na ana haki ya kuzisifu gia zake.

Sasa chukueni giaboksi yangu. 4L60E ina gia ya kwanza ya 3.06, ya pili 1.63, ya tatu moja kwa moja, na ya nne 0.70. Zidisheni gia ya kwanza kwa 4.10 mpate zaidi ya 12.5. Juu ya hapo kuna torki konveta, kifaa cha mafuta kinachokaa mahali pa klachi kwenye otomatiki, ambacho gari linapong'oka kutoka kusimama huizidisha torki ya injini, yaani nguvu yake ya kuzungusha, karibu mara mbili, jambo ambalo klachi haifanyi kamwe. Gia hiyo ya kwanza haina kazi yoyote barabarani: tairi zinateleza, mizunguko inapanda, na ikifika 6,000 gari liko maili 37 tu kwa saa. Hapo inaingia gia ya pili, na kwa kuwa nafasi kati ya 3.06 na 1.63 ni pana mno, injini inaanguka hadi kwenye mizunguko 3,200 hivi. Kwa 3.42 gia ya kwanza kwa jumla ni 10.5, inafika maili 44 kwa saa kabla ya kubadilika, na tairi za kawaida zinaweza kuishika lami. Na kule mwisho, ambako otomatiki hii haina gia ya 0.50 ya kuiokoa, 3.42 inatoa mizunguko kama 2,190 kwa maili 70, wakati 4.10 inatoa zaidi ya 2,600. Tofauti hiyo ya mizunguko mia nne na zaidi kwa kila dakika ya safari ya Dallas ndiyo niliyolipia nisiwe nayo.

Anayedhani kwamba namba kubwa ya difu ndiyo dalili ya gari kali, na aangalie Dodge Challenger SRT Hellcat ya otomatiki. Gari lile lina nguvu za farasi 707 na lilitoka kiwandani na difu ya 2.62, ndogo kuliko hii ya 2.73 niliyokuwa ninailalamikia. Siri iko kwenye giaboksi yake ya gia nane, ambayo gia ya kwanza ni 4.71, ukizidisha unapata 12.3. Hata Challenger Demon ya mwaka 2018, gari lililotengenezwa mahsusi kwa mbio za robo maili, lilipewa 3.09 tu. Wahandisi hawakuitazama difu peke yake. Walihesabu giaboksi, konveta, tairi na matumizi, ndipo wakachagua. Fundi anayekutajia namba ya difu kabla hajakuuliza kimo cha tairi zako hajafanya hesabu yoyote, kwa sababu tairi nayo ni gia: mfungie mtu wa mbio tairi za inchi 28, na ile 4.10 itavuta kama 3.76 kwenye tairi zangu. Sina ugomvi na 4.10 ikiwa mahali pake.

Kuhusu spidomita, nilichoambiwa si kweli, na ni uongo wenye madhara. Kwenye gari hili kihisi cha mwendo kimefungwa mkiani mwa giaboksi, hakipo kwenye magurudumu. Kinahesabu mzunguko wa shafti inayotoka, na kompyuta inakisia mwendo kwa kutumia uwiano wa difu ulioandikwa ndani yake. Kompyuta yangu bado inaamini kuna 2.73, ndiyo maana inazidisha mwendo mara moja na nusu, na itaendelea kuzidisha hadi mtu aunganishe vifaa na kuandika uwiano mpya. Wakati huo odomita inaandika maili 150 kwa kila maili 100 nilizotembea kweli, na maili hizo hazifutiki kwa kuniomba radhi. Zaidi ya hapo, kusahihisha spidomita peke yake hakutoshi. Majedwali ya kubadilisha gia, yanayoiambia giaboksi ibadilishe gia lini, yameandikwa kwa mwendo wa gari. Ukirekebisha mwendo ukayaacha majedwali kama yalivyokuwa kwa 2.73, ukikanyaga mafuta hadi mwisho gari litang'ang'ania gia ya kwanza likisubiri mwendo ambao injini haiwezi kuufikia bila kugonga kikomo cha mizunguko. Gereji inayofunga difu kwenye otomatiki na kukukabidhi funguo bila kugusa kompyuta imeiacha kazi nusu, hata kama gia ni zile ulizoagiza.

Nimefungua kifuniko cha difu mwenyewe, na hapa nataka wenzangu wasikilize vizuri. Usihesabu meno ya kraunwili, ile gia kubwa ya duara ndani ya difu, peke yake ukadhani umepata jibu. Kwenye difu hizi kraunwili ya 2.73 ina meno 41, ya 3.42 ina meno 41, na ya 4.10 nayo ina meno 41. Kinachobadilika ni pinioni, gia ndogo inayoizungusha kraunwili, yenye meno 15, 12 au 10. Tazama namba zilizogongwa pembeni mwa kraunwili. Yangu imegongwa 41 na 10. Asiyetaka kufungua, na ainue magurudumu yote mawili ya nyuma, apige alama ya chaki kwenye tairi na kwenye shafti, kisha ayazungushe magurudumu mzunguko mmoja kamili huku mwenzake akihesabu mizunguko ya shafti. Ikizidi minne kidogo, ni 4.10. Ikifika mitatu na karibu nusu, ni 3.42.

Kuona pinioni ya meno kumi ndani ya difu hii kumenikasirisha zaidi kuliko namba yenyewe. Difu ya Camaro hizi ni ile ya boliti kumi yenye kraunwili ya inchi 7.625, na udhaifu wake unajulikana na kila anayeishika. Meno ya pinioni yakipungua, kichwa chake nacho kinakuwa kidogo, na ndicho kinachobeba kishindo chote. Nilichagua 3.42 kwa kulijua hilo pia.

Halafu kuna ule mluzi. Nilisafisha meno nikayapaka rangi ya kukagulia, nikazungusha, na alama ya mgusano ikatokea imesukumwa hadi ukingoni mwa jino badala ya kukaa katikati. Hiyo ni pinioni iliyowekwa kina kisicho sahihi, na hilo hurekebishwa kwa shimu tu, yaani vipande vyembamba vya chuma vya kupangia nafasi. Gia mpya zinahitaji kutunzwa maili mia chache za mwanzo na kubadilishiwa oili, hilo nakubali, lakini gia iliyopangwa vibaya haizoei, inajila. Niliomba kuoneshwa vipimo vya nafasi kati ya meno, ambayo kwa difu hii hutakiwa kuwa kati ya inchi 0.006 na 0.010. Hawakuwa wameviandika popote.

Sasa wanataka nilipe upya, ufundi na vipuri, ili wanifungie kile nilichoagiza tangu mwanzo. Sababu wanayotoa ni kwamba kubadilisha uwiano kunahitaji kibebeo kingine cha kraunwili. Hoja hiyo ilikuwa kweli mara ya kwanza tu. Difu hizi zina vibebeo vya makundi mawili, yanayoitwa la pili na la tatu: cha kundi la pili kinashika gia za hadi 3.08, na cha kundi la tatu kinaanzia 3.23 kwenda juu. Kutoka 2.73 ilikuwa lazima kibebeo kibadilike, nami nilikilipia, risiti ninayo. Kilichomo sasa ni cha kundi la tatu, na 3.42 inakaa humo humo bila kuongezwa kitu. Kinachohitajika ni jozi ya gia, beringi, kikola cha pinioni, shimu, oili, na saa za fundi anayejali. Hayo yote ni juu yao.

Msimamo wangu nimewapelekea kwa barua. Watoe 4.10, wafunge 3.42 kwa gharama zao, wanipe karatasi yenye vipimo vya nafasi ya meno na mkazo wa beringi pamoja na picha ya alama ya mgusano, waandike uwiano mpya kwenye kompyuta na kurekebisha majedwali ya gia. Vinginevyo warudishe fedha yote nikafanyiwe kazi kwingine, na tuonane kwenye mahakama ya madai madogo hapa kaunti ya Harris. Mwenye karatasi ya kazi inayosema namba moja na difu inayosema nyingine, naomba aandike hapa chini aina ya giaboksi yake, kimo cha tairi, uwiano alioagiza na ule uliogongwa kwenye kraunwili. Na kama kuna fundi kati yenu anayepanga difu za boliti kumi hapa Houston au jirani, na anayeandika vipimo vyake, anijulishe kwa ujumbe binafsi, kwa maana gari sitaliendesha Dallas na meno yale.